Bembea ya Idi na Kiingereza cha Kitabuni

Leo naingia darasani. Wale wasiopenda habari za shule wanivumilie kidogo, maana jambo lenyewe linahusu pia bembea.

Karibu kila kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa kwa ajili ya wageni wa lugha hiyo kina somo moja linalofanana. Kuna picha ya kiwanja kikubwa cha burudani. Gurudumu refu la kubebea watu linazunguka, treni imepinduka kichwa chini juu ya reli, farasi wa mbao wanazunguka na watoto, na pembeni kuna foleni ya familia zilizovaa kaptula. Chini ya picha kuna maneno kumi na mawili ya kukariri. Kisha linakuja zoezi: andika aya moja kuhusu mara ya mwisho ulipokwenda "amusement park".

Ukilitaja somo hili mbele ya Waswahili waliosoma, utapata kambi mbili mara moja. Kambi ya kwanza inacheka na kukasirika. Mtoto wa Mbagala na treni ya kupinduka wapi na wapi? Hizo ni kasumba, toeni hayo, wekeni shamba la mihogo na soko la samaki. Kambi ya pili inasema lugha ni lugha, anayetaka Kiingereza akitake na dunia yake, vinginevyo atajifunza Kiingereza cha kuuzia ndizi.

Mimi nasema kambi zote mbili zimeangalia picha na kusahau darasa. Somo la viwanja vya burudani ni miongoni mwa masomo mazuri kabisa anayoweza kupewa mtu anayejifunza Kiingereza. Ubovu wake uko kwenye mlango tunaoingilia. Tunamwingiza mwanafunzi kwa mlango wa Disneyland, wakati mlango wa nyumbani kwake uko wazi na anaujua tangu utotoni.

Tuanze na swali dogo. Kwa nini somo hili limejaa kwenye vitabu?

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya vitabu hivyo iliandikwa kwa watu wanaoishi, au wanaotarajiwa kuishi, Marekani na Uingereza. Kwao kiwanja cha burudani ni kitu cha mtaani. Chukua Coney Island, ufukwe wa New York. Mwaka 1884 bwana mmoja aitwaye LaMarcus Thompson aliweka pale reli ya mbao yenye vilima, akatoza senti 5 kwa kichwa. Mwendo wenyewe ulikuwa kama maili 6 kwa saa, yaani mtu mwenye haraka zake angeweza kukimbia sambamba nayo. Watu wakajipanga. Baadaye vikaja viwanja vikubwa hapo hapo: Steeplechase mwaka 1897, Luna Park mwaka 1903, Dreamland mwaka 1904. Waliojaa pale hawakuwa mabwanyenye. Walikuwa vibarua na washona nguo, wengi wao wahamiaji waliotoka Ulaya juzi tu, Kiingereza chenyewe bado kinawapiga chenga.

Kwa hiyo mwalimu wa New York anapofundisha wahamiaji kwa mada hii, anawafundisha kitu watakachokutana nacho Jumamosi. Watakata tiketi kweli, watapanga foleni kweli, watasoma kibao cha masharti kweli. Somo linatoka darasani na kupanda treni pamoja nao.

Sasa lichukue somo lile lile, lipakie kwenye kontena, lishushe Dar es Salaam au Tanga. Maneno yamefika. Jumamosi haikufika.

Mwaka juzi niliomba kukaa nyuma ya darasa moja la jioni la Kiingereza hapa mjini. Jina la chuo nalihifadhi. Wanafunzi walikuwa watu wazima: makondakta, wahudumu wa hoteli, mama mmoja muuza vitenge, vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wakakwama. Somo la siku lilikuwa ndilo hilo. Mwalimu, kijana mwenye moyo wake mzuri, aliandika ubaoni maneno kumi na mawili na kuyasoma kwa sauti. Darasa likaitikia kama kwaya. Akauliza kwa Kiingereza nani amewahi kupanda hiyo treni. Kimya. Nani angependa kuipanda? Kimya tena. Mama wa vitenge akainua mkono, akauliza kwa Kiswahili, "Samahani mwalimu, hiyo inaendeshwa na dereva au inajiendea yenyewe?"

Nilitikisika pale nyuma. Lile lilikuwa swali bora kuliko yote ya jioni ile. Lilikuwa na udadisi, lilikuwa na fizikia ndani yake, na lilikuwa mlango wa dakika arobaini za mazungumzo. Mwalimu akamjibu, "Mama, hapa ni Kiingereza tu, tafadhali." Mama akashusha mkono. Hakuuinua tena mpaka tunatoka.

Simlaumu mwalimu, alifanya alichofundishwa. Ila hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Mtu amekuja na hamu, tumemrudisha na maneno kumi na mawili.

Wapo watakaosema hizi ni hisia za mwandishi wa habari. Haya, twende kwenye utafiti. Mwaka 1979 watafiti watatu, Steffensen, Joag-Dev na Anderson, walichapisha jaribio rahisi sana. Waliwapa Wamarekani na Wahindi barua mbili za kusoma kwa Kiingereza, moja ikisimulia harusi ya Kimarekani na nyingine harusi ya Kihindi. Kila kundi lilisoma haraka zaidi barua ya harusi ya kwao na kukumbuka mengi zaidi. Kwenye barua ya wenzao wakaanza kupotoka. Bibi harusi wa Kimarekani alivaa gauni la bibi yake, jambo la heshima kule kwao. Msomaji wa Kihindi akaelewa kwamba gauni lilikuwa kuukuu na limepitwa na mitindo. Maneno aliyajua. Harusi ndiyo hakuijua.

Mwaka 1988 Recht na Leslie wakaja na jingine. Waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini wanaujua mchezo, waliielewa habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Soma tena hiyo sentensi, ndugu yangu. Dhaifu aliyejua mambo alimshinda hodari asiyejua.

Sasa fikiria mtihani wa ufahamu wenye habari ya treni ya kupinduka. Mtoto wa Kisarawe anapata 3 kati ya 10. Tunaandika kwenye ripoti kwamba Kiingereza chake ni dhaifu. Inawezekana kabisa Kiingereza chake ni cha kutosha, na kilichompungukia ni kiwanja. Lakini kwenye ripoti hakuna nafasi ya kuandika "hajafika Disneyland". Kuna nafasi ya kuandika "mzito".

Na hapa kwetu neno hilo lina bei kubwa. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali Tanzania Bara, halafu mtoto anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Tume ya Rais ya 1982, ile iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikulitekeleza. Sera ya elimu ya 2014 nayo ilifungua mlango kwa Kiswahili, na mpaka leo mwanafunzi wa sekondari bado anasoma baiolojia kwa Kiingereza. Ubishi huo tuuache kwa leo, una siku yake. Ninachosema ni kwamba maadamu hali ndiyo hii, Kiingereza kwa mtoto huyu ni zaidi ya somo moja. Ndicho ufunguo wa fizikia, historia na jiografia. Ukimnyamazisha kwenye Kiingereza, umemnyamazisha mlango baada ya mlango.

Stephen Krashen, mtaalamu wa Kimarekani aliyevuma sana miaka ya 1980, ana mfano wa kichujio. Anasema mtu mwenye woga, aibu au uchovu wa moyo, kichujio chake kinapanda, na lugha unayommwagia inagonga hapo na kurudi. Mtu aliyetulia na mwenye hamu, kichujio kinashuka, lugha inapita. Wapo wanaompinga Krashen kwa mengi, lakini hili kila aliyekaa darasani analijua mwilini mwake. Na ni mada gani inaweza kushusha kichujio kuliko michezo na bembea?

Ndiyo maana siungi mkono kambi ya kwanza, ile ya kutaka somo litupwe. Ndugu zangu wa shamba la mihogo, nawaheshimu, lakini nani amewaambia mtoto wa Kitanzania hajui bembea?

Nenda Unguja siku ya Idi. Toka Ramadhani inaanza watoto wanahesabu siku. Asubuhi wanavaa nguo mpya, wanapita nyumba hadi nyumba kwa shangazi, mjomba na majirani kudai mkono wa Idi, na jioni hela yote inapelekwa viwanjani. Mnazi Mmoja panafurika. Kariakoo ya Unguja kuna viwanja vyenyewe vya kufurahishia watoto, na Pemba kuna Tibirinzi pale Chake Chake. Kuna bembea, kuna mapulizo, kuna askrimu, kuna mtoto amepotea na mama yake analia kwenye kipaza sauti. Ukija Dar, kuna Sabasaba kila Julai barabara ya Kilwa, na kuna michezo ya maji kule Kunduchi kwa wenye nafasi. Nairobi, kizazi kizima kinaikumbuka Luna Park ya pale Uhuru Park, jina lile lile la Coney Island ya 1903. Mombasa na Nairobi kuna maonyesho ya kilimo, na mtoto haendi kule kuangalia ng'ombe.

Hata kijijini kabisa, kuna kamba imefungwa kwenye mwembe. Hiyo ni bembea. Ina foleni, ina masharti, ina mbabe anayekataa kushuka zamu yake ikiisha.

Kwa hiyo kitu tunacho. Kilichobaki ni kuona kina Kiingereza kiasi gani ndani yake, na hapa nawaomba walimu mnisikilize.

Angalia kwanza kosa maarufu kuliko yote. Mwanafunzi anataka kusema anaogopa, anasema "I am scary", yaani mimi ni wa kutisha. Anataka kusema amechoshwa na somo, anasema "I am boring", yaani mimi nachosha watu. Darasa linacheka, kichujio kinapanda hadi darini. Lakini tofauti hiyo Kiswahili kinayo tangu enzi! Tuna kuogopa na kuogopesha, kufurahi na kufurahisha, kuchoka na kuchosha, kushangaa na kushangaza. Mtoto wa miaka minne hakosei hata siku moja kati ya "naogopa" na "naogopesha". Basi mpeleke kwenye bembea. Bembea inaogopesha, mimi naogopa: "the swing is scary, I am scared". Kiwanja kinafurahisha, watoto wamefurahi. Umemfundisha sarufi ya Kiingereza kwa kumwonyesha hazina aliyonayo mfukoni. Viwanja vyenyewe si vinaitwa vya kufurahishia watoto? Sarufi iko kwenye jina.

Angalia la pili. Sisi tuna kitenzi kimoja, kupanda, tunakifanyisha kazi zote. Tunapanda basi, tunapanda mti, tunapanda farasi, bei inapanda, mahindi tunapanda. Kiingereza kinagawanya: ukiingia garini ni "get in", ukiingia treni au basi ni "get on", farasi ni "ride", mti ni "climb". Wapi utapata mahali pamoja ambapo mtoto anaingia kigari cha kugongana, anapanda treni ndogo, anakaa juu ya farasi wa mbao na kukwea ngazi ya kuteleza, yote ndani ya saa moja? Ni kiwanjani tu. Sokoni hupati, shambani hupati.

La tatu ni masharti. Mtoto aliye mfupi kuliko mstari huu haruhusiwi. Ukiwa na mimba usipande. Ukisimama utaanguka. Ungeshika vizuri usingeanguka. Sarufi yote ya lazima, ruhusa na kama-ingekuwa, ambayo vitabu vinaifundisha kwa sentensi zisizo na uhai, hapa ina damu. Ongeza kulinganisha: ipi ndefu zaidi, ipi ghali zaidi, ipi ya kutisha kuliko zote. Ongeza wakati uliopita, maana hakuna mtoto anayerudi viwanjani akakosa la kusimulia.

La nne nalipenda kuliko yote, nalo ni majina. Warusi wa karne ya 18 walikuwa wakiteleza kwa sleji kwenye vilima vya barafu walivyojenga wenyewe. Mchezo ulipofika Ufaransa, Wafaransa wakauita milima ya Kirusi, na mpaka leo wao, Wahispania na Wataliano wanaiita hivyo treni ya kupinduka. Sasa waulize Warusi wenyewe wanaiitaje. Wanaiita vilima vya Kimarekani! Kila mtu anamsukumia mwenzake. Kiswahili bado hatujakubaliana jina. Mimi nimekuwa nikiiita treni ya milima, kwa kuwa ndivyo inavyoonekana.

Unaona somo lililopo hapo? Kabla hujampa mwanafunzi neno la Kiingereza la kukariri, mwambie aeleze kitu hicho kwa Kiingereza alichonacho. Ni treni. Inapanda mlima. Inashuka haraka. Watu wanapiga kelele. Mtu anayeweza kufanya hivyo amejua lugha, na hatakwama Heathrow wala kwenye usaili wa kazi kwa kukosa neno moja. Mtu aliyekariri maneno kumi na mawili atakwama kwenye la kumi na tatu.

Na mama wa vitenge? Swali lake linastahili jibu, japo limechelewa. Treni nyingi za aina ile hazina dereva wala injini ndani yake. Mnyororo unaivuta hadi kilima cha kwanza, halafu inaachiwa. Kuanzia hapo ni mvutano wa dunia unafanya kazi. Ndiyo maana, kwa treni ya namna hiyo, kilima cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote, kwa kuwa msuguano na upepo vinakula nguvu njiani na haiwezi kupanda tena juu zaidi ya pale ilipoanzia. Kuna nyingine zinarushwa kama kombeo. Ile ya Ferrari World kule Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, ilijengwa kufika kilometa 240 kwa saa, karibu mita 67 kila sekunde. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaweza kutusimulia tumbo linakwenda wapi pale.

Hiyo ni fizikia ya kidato cha pili na cha tatu, ile ile inayoandikwa kwa Kiingereza na mtoto anaikariri bila kuiona. Vivyo hivyo gurudumu kubwa la kwanza, alilolijenga George Ferris kwa maonyesho ya Chicago ya 1893 ili kushindana na mnara wa Eiffel. Lilikuwa na urefu wa futi 264, kama mita 80. Lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja watu 60. Mwambie mwanafunzi apige hesabu kwa Kiingereza: watu 2,160 angani kwa wakati mmoja. Kila mmoja alilipa senti 50. Likijaa, limeingiza dola ngapi kwa safari moja? Mwalimu wa hisabati na wa Kiingereza wangeweza kukaa meza moja wakanywa chai.

"Bwana wee, tuna wanafunzi tisini darasani na hatuna projekta." Nakusikia. Ndiyo maana napendekeza kitu kinachohitaji chaki na karatasi tu.

Siku ya kwanza, dakika kumi, kwa Kiswahili kabisa: nisimulieni viwanja vya sikukuu. Ndiyo, kwa Kiswahili. Hapo ndipo hamu inapoamka, na hapo ndipo mwalimu anapojua darasa lake linajua nini. Halafu chora ramani ya kiwanja ubaoni, kila kikundi kitaje kitu kimoja na kukieleza kwa Kiingereza chochote kile. Mwalimu anatoa neno pale tu linapohitajika. Neno linalokuja baada ya kutafutwa halisahauliki.

Siku ya pili, masharti. Kila kikundi ni wamiliki wa bembea moja. Andikeni kibao: nani apande, nani asipande, bei gani, kwa nini. Wengine ni wateja, waje wabishane bei. Waswahili na kubishana bei, nani atanyamaza hapo?

Siku ya tatu, barua. Bembea imekatika kamba, au choo hakuna, au mwenye kiwanja kakataa kurudisha chenji. Mwandikie meneja, kwa heshima lakini kwa msimamo. Hii ni barua ya malalamiko, kitu ambacho mtu mzima atakihitaji maisha yake yote.

Siku ya nne sasa, ndiyo fungua kitabu. Fungua Disneyland, ile iliyozinduliwa California mwaka 1955. Mwanafunzi atakutana nayo kama mwenye kiwanja anayetembelea kiwanja cha mwenzake. Atalinganisha. Ataona foleni yao na foleni yetu, bei yao na bei yetu, na pengine atasema mambo ambayo mwandishi wa kitabu hakuyawaza. Dunia tumempa, kama kambi ya pili inavyotaka. Lakini ameingia akiwa na kwao.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi, nalo linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema mada hii inaumiza mtoto maskini. Darasani mna mtoto wa daktari aliyefika Dubai, na mna yatima ambaye hata Idi hakupata nguo. Ukisema simulia ulivyokwenda viwanjani, umemvua nguo mbele ya wenzake.

Ni kweli. Tena ni zaidi ya hapo. Zoezi lile la kitabu, "andika kuhusu mara ya mwisho ulipokwenda", linamfundisha mtoto kusema uongo ili apate alama. Nimeziona insha hizo. Watoto wa hapa hapa Tanzania wameandika kwamba Jumapili iliyopita walikwenda na baba kwa gari lao wakapanda treni ya milima, wakala hot dog. Mwalimu kaweka tiki nyekundu, 8 kati ya 10. Hakuna aliyeuliza. Sarufi imepona, ukweli umekufa, na mtoto amejifunza kwamba Kiingereza ni lugha ya kujifanya mtu mwingine. Jambo hilo likishaingia kichwani halitoki kirahisi. Wangapi kati yetu, wasomi wa mjini, tukiingia kwenye Kiingereza tunabadilisha mpaka sauti, kama waigizaji?

Dawa ni kubadilisha swali. Usimuulize alikwenda wapi. Mwambie: wewe umepewa kiwanja kitupu hapa mtaani kwenu, buni viwanja vya watoto, utaweka nini na kwa nini? Hapo mtoto wa Dubai na yatima wako mstari mmoja. Sitashangaa yatima akishinda, maana anayekaa nje ya uzio huwa anaangalia kwa makini zaidi. Na kama ni kubuni, mwambie wazi kwamba anabuni. Ubunifu unaojulikana ni ubunifu ni kipaji. Uongo unaopewa tiki ni ugonjwa.

Tena zoezi hilo lina mkia. Mtoto wa Dar akiambiwa atafute kiwanja kitupu mtaani kwao, mara nyingi hatakipata. Viwanja vya wazi tumevijenga fremu za maduka na gereji. Sasa mwambie aandike barua kwa manispaa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, aulize watoto wacheze wapi. Ameanza na bembea, amefika kwenye uraia.

Mwisho kuna wanaosema yote haya ni mchezo, mtihani wa taifa hauulizi bembea. Mtihani unauliza ufahamu, unauliza barua, unauliza insha, unauliza vitenzi. Vyote hivyo nimevitaja hapo juu na sijatoka nje ya uzio wa kiwanja. Anayedhani kujifunza lazima kuume ndiyo kuwe na thamani, aangalie mtoto mdogo alivyojifunza Kiswahili chake. Alikijifunza akiwa anacheza.

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu, waandishi wa vitabu na wenye vyuo vya jioni ni fupi. Msitupe somo la viwanja vya burudani, na msilifundishe kama lilivyokuja ndani ya kontena. Anzeni na Mnazi Mmoja, mwende California baadaye. Na mama mtu mzima, aliyeacha biashara yake na kulipa ada, akiinua mkono kuuliza kwa Kiswahili treni inaendeshwa na nani, mwacheni aulize. Halafu msaidieni aulize tena kwa Kiingereza.